Walioniangalia Nikisali: Kutoka Chad hadi Lunyo na Iyolwa

Nilirudi nyumbani kuomba ruhusa ya kuondoka tena. Ndivyo utaratibu wa misheni yetu ulivyo. Ukimaliza muhula wako nchi ya mbali na ukataka kuongeza mwingine, sharti urudi kwanza kwenye kanisa lililokutuma, wazee wakuone kwa macho yao, wakuombee mbele ya watu, ndipo tiketi ikatwe. Mimi ni mkunga. Nilikuwa nimemaliza miaka minne katika zahanati ndogo mashariki ya Chad, mahali ambapo mchanga huingia hadi kwenye chumvi, na nilitaka kurudi hukohuko.

Nilikuwa na jambo lingine pia, ambalo huku nyumbani sikumwambia mtu. Safari hii nilitaka kuondoka na binti yangu.

Nafula alikuwa na miaka minane nilipomwacha kwa dada yangu mkubwa, Taaka, kule kwetu Lunyo. Baba yake alikuwa amefariki, nami nilikuwa nimeitwa kwenye kazi, na Taaka, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, alimpokea hata kabla sijamaliza kumweleza. Sasa binti alikuwa na miaka kumi na miwili. Katika mji mkuu wa Chad niliona shule inayopokea watoto wa wamisionari. Nilizungumza na mwalimu mkuu, nikaonyeshwa hadi kitanda atakacholalia. Kwenye simu sikumgusia Taaka hata kidogo. Niliona jambo kama hilo huambiwa mtu ana kwa ana, mkiwa mmekaa.

Jioni yangu ya mwisho kule, wanawake wa mtaa walijaa uani kwangu. Wengi nilikuwa nimewazalisha, wengine nilikuwa nimewazikia watoto. Walinikalisha kwenye mkeka, wakanipaka hina mikononi na miguuni huku wakiimba wimbo wa kumsimanga bwana arusi mvivu, nasi tukacheka mpaka machozi. Kisha wakanitanda kitambaa kirefu cha rangi ya zambarau, kile wanachojifunika wanawake wa huko kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilisafiri nikiwa nimejitanda hivyohivyo. Ndani ya ndege kulikuwa na baridi, na tena nilikuwa nimekizoea.

Entebbe, Uganda, nilifika asubuhi. Nilipoondoka miaka ile, watu wa kanisa walikodi gari zima kunisindikiza, wakaimba mpaka askari akawaomba wapunguze sauti. Nilipotoka nje safari hii nilitazama kulia na kushoto, nikasukuma mzigo wangu hadi kivulini, nikangoja. Hakuja mtu. Nikampigia Mchungaji Egesa, mchungaji wetu wa Lunyo.

"Umefika?" akasema. Nyuma yake nilisikia mtu akinong'ona. "Umekuja peke yako?"

"Ningekuja na nani, Mchungaji?"

"Nauliza tu. Njoo moja kwa moja nyumbani. Usipitie-pitie watu."

Swali lile lilipanda nami basi la Busia. Tulivuka Jinja, tukaacha mashamba ya miwa nyuma, tukapita Iganga na Bugiri, na mimi bado nilikuwa nikiligeuza kichwani. Peke yangu, au na nani? Katika njia panda ya Namutere, ambako barabara ya Tororo inaachana na ile ya Busia, malori yalikuwa yamejipanga kama kawaida, madereva wamelala chini ya matela. Mama aliyekaa karibu nami alinitazama mikono, akasogeza kikapu chake upande wa pili. Labda alikuwa anatafuta nafasi ya miguu. Siku nyingine nisingeliona hata jambo hilo.

Busia mjini niliteremka alasiri, nikavunja agizo la Mchungaji papo hapo. Nilikwenda kwa Mama Hawa. Huyu ni mama wa Kiislamu anayeuza viatu vya mitumba karibu na mpaka wa Kenya; mumewe ana malori. Zamani, nilipokuwa nikifanya kazi katika kliniki moja ya mjini, nilipanga chumba cha nyuma kwake, na akawa kwangu zaidi ya mwenye nyumba. Alinikumbatia, akaniketisha kati ya viatu, akaniletea chai ya tangawizi. Kisha akanitazama kitambaa changu kwa muda.

"Nabwire," akasema, "mimi ningefurahi. Lakini ningependa uniambie mwenyewe, nisisikie barabarani."

"Nikuambie nini?"

"Kwamba umesilimu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Wamekuja watu wa kanisa lenu hapa," akaendelea. "Mara mbili. Wanajifanya wanatafuta saizi ya kiatu, halafu wananiuliza kama unanipigia simu, kama tunaongea mambo ya dini, kama umepata mume huko, kama ni mimi niliyekuanzisha. Na wanauliza kwa kunong'ona, Nabwire! Kwani kusilimu ni ugonjwa, wanavyonong'ona hivyo?"

Nilimwambia sijasilimu. Akaniangalia usoni, akaamini, nami nikaona kwamba hata yeye kuamini kwake kulichukua muda kidogo. Niliivua ile nguo ya zambarau, nikaikunja, nikaitia kwenye begi chini ya koti. Halafu nikajichukia kwa kuivua, nikaitanda tena.

Kijana wa bodaboda aliyenipeleka Lunyo alikuwa mchangamfu. "Mama natoka Sudani?" akaniuliza tulipokuwa tukipita Masafu. "Nguo yako iko ya Sudani."

"Natoka Chad. Kwetu ni Lunyo."

"Lunyo? Wewe? Haya, sawa tu," akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka ubishi, na mpaka tunapita Lumino, karibu na kwetu, hakuongeza neno.

Nyumbani kwa Taaka kulikuwa kumefagiliwa mpaka nyuma ya choo. Dada yangu alinikumbatia kwa nguvu, mashavu yake yamelowa. Nafula alitoka jikoni, mrefu kuliko nilivyomwona kwenye simu, akapiga magoti kunisalimu kwa adabu zote, kama anavyomsalimu mgeni wa heshima. "Karibu, Mama," akasema. Kisha akageuka: "Mama mkubwa, maji yamechemka." Lile la pili alilisema bila kufikiri, na lilitoka laini kuliko la kwanza.

Mchungaji Egesa alikuwepo, pamoja na mzee Wandera, katibu wa baraza la wazee wa kanisa, mtu mwembamba mwenye tabia ya kukohoa kabla ya kuuliza. Tuliandaliwa ugali wa muhogo na mtama, dagaa, na mboga. Kabla ya kula, Mchungaji akasema, "Mgeni atuombee."

Nilifumba macho nikaanza. Nilishukuru kwa safari, kwa nyumba, kwa mikono iliyomlea mtoto wangu. Katikati ya sala nikahisi kimya kisicho cha kwetu. Watu wa kwetu mtu akiomba huguna, huitikia, husema asante Yesu. Hapakuwa na mguno. Nikafumbua macho nikiwa bado nazungumza.

Wote walikuwa wakinitazama. Mchungaji Egesa alikuwa ameikazia macho mikono yangu. Mzee Wandera alitazama midomo yangu, kama mtu anayengoja neno fulani lidondoke alidake. Hata Nafula alikuwa amefumbua jicho moja. Taaka peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa.

Nikasema amina. Tukala. Dagaa hawakuwa na ladha yoyote kinywani mwangu.

Jumapili nilikaa benchi la mbele, mahali pangu pa zamani, na hakuna aliyekuja kukaa karibu. Wageni walisimamishwa kusalimu, hata fundi wa vyombo vya muziki kutoka Masafu alisalimu. Mimi sikuitwa. Baada ya ibada nikaambiwa baraza litaniona ofisini kesho yake.

Ofisi ile ni chumba kidogo nyuma ya kanisa. Walikuwa watu watano, lakini aliyeuliza ni mzee Wandera. Alikohoa.

"Hiyo rangi ya mikono, Sista, ni ya nini?"

"Ni hina. Wanawake niliowahudumia walinipaka kuniaga."

"Wakikupaka wanasoma maneno?"

"Wanaimba. Wanamsimanga bwana arusi mvivu."

Hakuna aliyetabasamu. "Tumeambiwa unafunga Ramadhani."

"Sikuwa nakula mchana mbele ya watu waliofunga. Nyinyi mngekula?"

"Tumeambiwa unavua viatu kabla ya kuomba."

Hilo lilinishtua, kwa sababu lilikuwa kweli. Zahanati yetu viatu huvuliwa mlangoni kwa ajili ya mchanga, na sala ya asubuhi tunaifanyia humohumo ndani. Niliwaeleza. Lakini nilipokuwa nikieleza, nilijisikia kama ninatunga, na nikawaona wao pia wakinisikiliza kama mtu anayetunga. Jambo dogo hivyo mtu hawezi kulibuni. Lazima amelipata kwa aliyekuwapo.

"Nani amewaambia?" nikauliza.

Mchungaji Egesa alitazama dirishani. "Mtu aliyelala nawe chumba kimoja na kula nawe sahani moja. Hatuwezi kumtaja. Sisi hatujakuhukumu, Sista Nabwire. Lakini baraka ya kukutuma tena itangoja."

Chumba kimoja, sahani moja. Kwangu jina lilikuwa moja tu: Athieno.

Athieno alikuwa mpimaji wa maabara wa zahanati yetu kule Chad, mwenyeji wa Iyolwa, wilaya ya Tororo. Tuliishi chumba kimoja miaka mitatu na kitu. Alirudi nyumbani miezi kadhaa kabla yangu kwa sababu malaria ilikuwa haimtoki mwilini. Mwezi wake wa mwisho tuligombana juu ya kila kitu, hata dumu la maji, na tuliagana kwa kupeana mikono tu kama watu wa ofisi. Nikaona sasa kila kitu kinaungana. Amerudi mgonjwa, kazi imekatika, hataki kuniona nikiendelea. Nilimjenga mwovu wangu usiku na mchana, na kufikia Jumatano alikuwa amekamilika.

Alhamisi nilimwambia Taaka nakwenda Tororo.

"Kwa nani?" akauliza haraka.

"Kwa mtu niliyefanya naye kazi."

Alikuwa akiosha sufuria. Aliendelea kuiosha ilhali ilikwisha kung'aa. "Barabara ni mbaya siku hizi," akasema. "Ungepumzika."

Tororo mwamba wake unaonekana kabla ya mji, umesimama peke yake kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Nilishuka stendi nikachukua bodaboda ya kuelekea Iyolwa. Njiani dereva aliniuliza nakwenda boma la nani, nikamdanganya, nikataja shule. Sikutaka Athieno apate habari zangu kabla sijamwona uso wake. Nilishuka mbali, nikatembea kati ya mashamba ya mtama na karanga, na kila aliyenisalimu nilimjibu kwa neno moja. Wiki moja tu ya kushukiwa, nami nilikuwa nimegeuka mtu wa kushuku.

Nilimkuta uani akipeta karanga, amenenepa, rangi imemrudia. "Yoga!" nikamsalimu kwa Kijapadhola, lugha ya kwao ninayoiongea vibaya. Aliangusha ungo, akanikimbilia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi njiani, lakini si kukimbiliwa. Alinishika mikono, akaigeuza viganja juu.

"Wamekupaka!" akasema. "Mimi niliondoka mgonjwa, hawakunipaka. Nilikuonea wivu hata kabla sijaiona."

Akatafuta kiti, akaagiza maji, akachinja kuku huku mimi nikisema asijisumbue. Nilingoja mpaka tumekula, na kuku yule nilimla kwa taabu. Kisha nikamwambia moja kwa moja yaliyosemwa barazani, hina, Ramadhani, viatu, na jinsi Mchungaji alivyosema. Athieno alinisikiliza mpaka mwisho. Uchangamfu wote ulimtoka usoni.

"Kwa hiyo hukuja kunisalimu," akasema. "Umekuja kunikamata."

"Nimekuja kukuuliza."

"Umekula kuku wangu ukiamini nimekuuza. Haya. Sasa nisikilize. Huku alikuja mama mmoja. Alisema ni dada yako wa tumbo moja, anatoka Lunyo, amekuja kujua habari zako kwa mtu aliyekaa nawe. Nilifurahi. Nikamweleza unavyopendwa kule, unavyoketi na wanawake jioni za Ramadhani, mnavyovua viatu, unavyojitanda kama wao mpaka mgeni hakujui. Nabwire, nilikuwa nakusifu!"

Nilimwambia si kweli, dada yangu hajawahi kufika Iyolwa. Nilitaka sana isiwe kweli. Nikamuuliza alikuwa mtu wa namna gani.

"Mrefu, mweusi kama wewe. Nilimpa chai, akainuka akakisuuza kikombe tena yeye mwenyewe. Kikombe changu kisafi! Nilimwacha, nikaona ni tabia yake."

Ni tabia yake. Taaka hufanya hivyo kila mahali, hata kwenye misiba, na watu walishachoka kukasirika.

"Aliuliza zaidi juu ya watoto," Athieno akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mtoto akienda kule, anasoma kwa lugha gani, anarudi lini. Nikadhani anajua. Nikamwambia, usiwe na wasiwasi, Nabwire amekwisha kupata shule, amemwona hata mwalimu mkuu. Alinishukuru mara nyingi mno. Baadaye nilipotoka kuchota maji nilimkuta bado yuko njiani, amesimama tu."

Nilimwomba Athieno radhi. Alisema ameisikia, hakusema ameipokea. Alinisindikiza mpaka kwenye barabara kubwa, na tulipoagana alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko mara ile ya Chad. Hilo ndilo nililopata, nami nililichukua.

Njia yote ya kurudi nilijaribu kuona kama Athieno ananidanganya. Ingekuwa rahisi kwangu. Lakini nilikumbuka ile sala ya mezani, na nani peke yake aliyeinamisha kichwa. Wengine walikuwa wanatafuta kujua kama habari ni ya kweli. Taaka hakuwa na haja ya kutazama. Chumba kimoja, sahani moja: kumbe ulikuwa utoto wetu.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata Taaka kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba, ambako huanika muhogo. Nilichukua vipande nikaanza kuvitandaza pamoja naye.

"Nimetoka Iyolwa," nikasema.

"Najua. Umerudi na uso wa Iyolwa."

"Uliwaambia nimesilimu."

"Hapana." Aliinua kichwa. "Niliwaambia umebadilika. Nikawaambia ya viatu na ya Ramadhani. Mengine waliyamalizia wenyewe, na mimi sikuwazuia."

"Wangenitoa kanisani, Taaka. Kazi yangu yote."

"Najua. Ungekaa hapa. Nilitaka ukae hapa, na yeye akae hapa." Mikono yake iliendelea kupanga muhogo, mstari kwa mstari. "Uliniletea mtoto na sanduku lake la nguo. Hukusema ni wa kuazima. Alikuwa hapati usingizi bila taa. Hedhi yake ya kwanza, aliyekuwa naye ni mimi. Halafu habari ya kwamba anaondoka nikaisikie kwa mtu wa Iyolwa, nikinywa chai yake!"

"Ungeniuliza."

"Nikuulize nini? Ungenijibu kweli, ningefanya nini basi?"

Nilikuwa nimepanda mwambani na hasira yangu yote tayari, na bado nilikuwa nayo. Lakini nilimtazama dada yangu, mtu ambaye katika maisha yake hajawahi kusema uongo wa sokoni, akiwa amekwenda wilaya nyingine peke yake kuulizia habari zangu na kurudi na cha kunizuia nacho, na sikujua niielekeze wapi. Wiki nzima nilidhani imani yangu inawindwa. Kumbe imani yangu haikuhusika.

Nafula alitokea na beseni la muhogo uliomenywa. Sote wawili tuliinamia muhogo. Akatutazama mmoja mmoja, akatua beseni.

"Mnanizungumzia mimi," akasema.

Taaka akanigeukia. "Muulize."

Sikuwahi kufikiria kumuuliza, na nadhani hata Taaka. Nikamuuliza. Nafula aliuzungusha mguu wake juu ya jiwe. Alipojibu aliutazama muhogo.

"Sitaki shule ya Kifaransa. Nataka kumaliza darasa la saba hapa na wenzangu." Kisha akaongeza upesi, "Lakini sitaki uende tena mahali ambapo simu inakatika katikati ya neno. Nakuwa nakungoja umalizie, na humalizii."

Siku hiyohiyo nilimpigia mkuu wa misheni. Alinisikiliza, akasema Chad wananihitaji, na mimi nikasema najua. Kisha akaniambia kuna zahanati Turkana, kaskazini mwa Kenya, iliyokaa muda mrefu bila mkunga. Ni joto, ni mbali, ni nchi ya watu wengine, lakini mtu anaweza kufika nyumbani kwa basi kila shule zikifungwa. Nilimwomba siku ya kufikiri. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikawalilia wale wanawake wa uani kwangu kule Chad, kwa sababu niliwaahidi nitarudi, na nilipomaliza kulia nikakubali Turkana.

Lililobaki ni baraza. Taaka alisema ataingia mwenyewe. Alivaa gauni lake la gomesi la sherehe, mshipi umefungwa vizuri, akasimama mbele ya wale watu watano. "Niliyewaambia habari za mdogo wangu ni mimi," akasema. "Nilisema ya kweli kwa nia mbaya. Hajasilimu. Niliogopa atanichukulia mtoto."

Mzee Wandera alikohoa. "Sasa, mama, tukuamini lini? Siku ile au leo?"

Mchungaji Egesa, ambaye kwa siku zote hizo alikuwa akitazama dirishani, aliinuka akasema yeye ameona haya ya kutosha, na kwamba angepaswa kuniuliza mimi kwanza kabla ya kwenda kuulizia viatu vya mitumba Busia. Jumapili waliniwekea mikono mbele ya watu wote. Safari hii pia nilifumbua macho katikati ya sala, na nikakuta mzee Wandera ananitazama. Tulitazamana hivyo mpaka amina, hakuna aliyefumba.

Asubuhi ya kuondoka, Taaka na Nafula walinisindikiza Busia. Mama Hawa alitoka dukani na mfuko wa mandazi. "Bado Mkristo?" akaniuliza kwa sauti kubwa, barabara nzima isikie. Nikamwambia bado. "Basi nenda salama, na mandazi haya hayana dini." Akamshika Taaka mkono pia, ingawa sasa alikuwa anajua yote. Sijui kama mimi ningeweza.

Mpakani niligongewa muhuri, wabadilishaji pesa wakituita kutoka pande zote. Taaka alisema atabaki upande wa Uganda, miguu inamuuma. Hakuwa na shida ya miguu. Nafula alinibebea begi hadi stendi ya upande wa Kenya, ambako utingo wa basi la Kitale alilidaka kabla hatujamwambia tunakokwenda. "Madam, Kitale? Ingia tu, inajaa saa hii."

Watu wa nyumbani wameniuliza nilijifunza nini katika safari hii, kana kwamba nilikwenda kusoma. Nilijifunza kwamba shaka inaambukiza haraka kuliko homa yoyote niliyotibu. Walinishuku wazee, nami nikamshuku Athieno, nikamshuku mama wa basini aliyesogeza kikapu chake. Na nilijifunza kwamba aliyenisema hakuwa adui. Alikuwa mtu aliyeogopa kubaki peke yake, na akakosa namna ya kulisema hilo.

Nafula alinikumbatia haraka, akasema nipige simu nikifika Kitale, nipige tena nikifika Lodwar, huko Turkana. Kisha akageuka kurudi mpakani. Nilikaa dirishani nikamfuata kwa macho kati ya watu na mikokoteni. Hakugeuka. Nilitaka ageuke. Alifika alipokuwa amesimama Taaka, akasimama ubavuni mwake, na kutoka mbali nilimwona dada yangu akiinama na kumwambia kitu. Ndipo Nafula akageuka, akanipungia mikono yote miwili, juu ya kichwa, akirukaruka.

Sijui kama alipunga kwa kutaka au kwa kuambiwa. Nimeamua kutouliza. Nilitoa mkono dirishani nikampungia mpaka basi lilipokata kona.